Muhuri wa Nuru Huanzia Darasani

Malori ya makasha yatokayo Kilindini hupita Miritini usiku na mchana, na si siri kwamba miongoni mwa shehena za bandari hiyo zimewahi kunaswa bidhaa ghushi. Tangu 2013, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya imeagiza sigara na pombe kali zibandikwe stempu za siri, nazo stempu hizo zilitoka kwa kampuni ya SICPA ya Uswisi. Je, muhuri wa kesho utaundwa na nani?

Swali hili lafaa kuulizwa sasa, kwa maana wanakemia wanabuni fuwele za kikaboni zitoazo nuru iliyo ngumu mno kuigwa. Nuru hiyo ina sifa mbili. Kwanza, hudumu baada ya taa kuzimwa. Wataalamu huiita fosforesensi. Elektroni zilizopandishwa na mwanga hukwama katika ngazi ya nishati ambayo hazishuki upesi. Pili, wimbi lake huzunguka mfano wa parafujo, ama kulia ama kushoto. Macho yetu hayaoni tofauti. Kichujio maalumu huiona. Basi mghushi aigaye rangi atanaswa na muda, na aigaye muda atanaswa na mzunguko.

Siri imo katika mpangilio. Molekuli iliyo huru hutikisika na kupoteza nishati kama joto, na oksijeni huinyang'anya iliyosalia. Ndani ya fuwele hubanwa na jirani zake ikatulia. Mnamo 2010, Ben Zhong Tang wa Hong Kong na wenzake walionyesha kwamba fuwele za benzofenoni hutoa fosforesensi katika joto la kawaida, ilhali katika myeyusho haing'ai hivyo. Ama huo ukulia na ukushoto wa molekuli, Louis Pasteur aliugundua 1848, alipozitenga kwa kibano fuwele pacha za chumvi ya asidi ya tatariki. Mchele mmoja, mapishi mengi.

Kazi bado ni pevu. Kipimo cha tofauti baina ya nuru ya kulia na ya kushoto kikomo chake ni 2, lakini molekuli nyingi za kikaboni hazivuki 0.01. Ndiyo sababu wabunifu wanajaribu kuzipanga molekuli katika umbo la parafujo ndani ya fuwele.

Hapa ndipo penye funzo letu. Malighafi yake kubwa ni kaboni na haidrojeni. Iridiamu na platinamu, metali adimu zitumiwazo katika nuru za aina hii, si lazima. Kinachohitajika ni maabara na akili iliyonolewa. Mwanafunzi asomaye fuwele za salfeti ya shaba ubaoni tu, bila kuziunda kwa mikono yake, atakuwa mnunuzi wa muhuri wa nuru kama tulivyoununua ule wa karatasi.

Walimu wasingoje mamilioni. Tando mbili za kuchuja nuru zilizobanduliwa kwenye vikokotoo vibovu, na gilasi ya maji mazito ya sukari katikati yake, zatosha kumwonyesha mtoto wa Miritini kwamba molekuli huipinda nuru upande mmoja. Serikali nayo itimize wajibu wake: maabara kwanza, stempu baadaye.