Kalamu au Karamu? Wanafunzi na Wasikilizane

Mtu asikiapo sauti yake katika kinasa sauti kwa mara ya kwanza hushangaa, hata akadai kwamba si yake. Lakini chombo hakikumsingizia. Tunaposema, sauti zetu hutufikia kwa njia mbili: kwa hewa, na kwa mifupa ya fuvu, ambayo huzidisha mitetemo ya sauti nene. Mwenzetu hupata ile ya hewa peke yake. Kwa hiyo msemaji ni shahidi dhaifu wa matamshi yake mwenyewe.

Hii ndiyo sababu yafaa wanafunzi wasikilizane mazoezi waliyoyanasa. Wako wapingao, wakihofu kwamba wanafunzi wataambukizana makosa. Hofu hiyo ina msingi iwapo sauti ya mwanafunzi itafanywa kielelezo. Kielelezo hakina budi kutoka kwa mwalimu. Sauti ya mwanafunzi ni ya kupimwa.

Tuchukue l na r, ambazo wengi wetu huzichanganya kwa athari ya lugha za mama. Mwanafunzi na asome maneno kumi, miongoni mwao kalamu na karamu, kula na kura. Wenzake watatu, wasioiona orodha, waandike walichosikia. Wote wakiandika karamu mahali pa kalamu, yaelekea kosa ni la ulimi wa msomaji. Akikosea mmoja tu, yaelekea ni la sikio lake huyo. Yafaa wasikilizaji wawe wa lugha mbalimbali za mama, maana wenye kosa moja hawawezi kusahihishana. Zoezi hili halihitaji maabara. Simu moja ya mkononi yatosha.

Tena, sikio hukomaa kwa kusikia sauti nyingi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993 uliwahusu Wajapani waliofunzwa kutofautisha l na r za Kiingereza. Waliofunzwa kwa sauti ya msemaji mmoja waliendelea vizuri, ila ujuzi wao haukuwafaa walipomsikia msemaji mgeni. Waliofunzwa kwa sauti za wasemaji kadhaa waliweza. Basi sauti ya mwalimu mmoja, hata ikiwa safi namna gani, haitoshi.

Lakini jambo moja lapasa kupigwa marufuku darasani: kicheko. Anayechekwa leo, kesho hatanyosha mkono. Zoezi likiisha, sauti zifutwe, wala zisisambazwe nje ya darasa. Tusipolinda heshima ya msemaji, tutabaki na wasikilizaji wasio na wa kumsikiliza.