Kichwa Kinapouma kwa Ghafla

Huko Garissa, na kwetu pwani vilevile, mama akianguka jikoni, ukope ukalegea na maneno yakampotea, twahukumu papo hapo: presha, malaria iliyopanda kichwani, au jini. Pengine ni mshipa wa damu ubongoni uliotuna kama puto, ukapasuka. Alama yake kuu ni maumivu ya kichwa yanayofikia ukali wote mara moja, kuliko yote aliyowahi kuyapata, pamoja na kutapika na shingo kukakamaa.

Kukosea hapa ni hatari. Dawa ya kiharusi cha damu iliyoganda, hata aspirini, huweza kuzidisha kuvuja damu. Picha ya siti skani ndiyo hupambanua, nayo huaminika zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo. Kutoka Dadaab hadi mjini Garissa ni takribani kilomita 100, basi tusichelewe. Tuihifadhi saa maumivu yalipoanza, tumwambie daktari. Ruqya ina pahala pake, nayo yasomeka hata garini. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu.

Wabillahi tawfiq.