Msalaba Getini Haufundishi: SAUT Inamfaa Kijana wa Chanji?



Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali huku kitaa ni moja: dogo aende SAUT Mwanza au asubiri chuo cha serikali? Kwenye magrupu yetu majibu yanakuja mbio, na yote mawili ni ya uvivu. Wapo wanaosema chuo cha kanisa ni biashara tu, kinakula jasho la mkulima. Wapo wanaosema chuo cha kanisa kina maadili, peleka mtoto ulale usingizi. Mdogo wangu wa kike anajaza maombi ya chuo mwaka huu, na ada itatoka kwenye magunia ya mahindi ya wazee wetu. Kwa hiyo mimi uvivu huo siuwezi.

Tuanze na hawa wa "biashara". Ufipa inajua habari ya misheni. Wamisionari wa Afrika walishika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na babu zetu wengi walijifunza kusoma kwenye shule za misheni kabla serikali yoyote haijawakumbuka. SAUT nayo haikuanza kama duka. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha chuo cha mafunzo ya jamii Nyegezi, na mwaka 1998 chuo hicho kikageuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mali ya Baraza la Maaskofu, TEC.

Jiulize kwa nini kilihitajika. Mwaka 1969 serikali ilitaifisha shule za mashirika ya dini. Mwaka 1972 ikachukua na hospitali ya Bugando, ikairudisha kwa Kanisa mwaka 1985 mzigo ulipoizidi. Kwenye vyuo vikuu hali ilikuwa mbaya zaidi: miaka thelathini baada ya uhuru, mwaka 1991, nchi nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili, Dar es Salaam na Sokoine. Viwili! Mtoto wa mkulima wa Chanji angepenya wapi? Mwaka 1992 serikali ikatia saini makubaliano na makanisa ili yaendelee kubeba elimu na afya. Kwa maana hiyo SAUT ni ushahidi wa pengo ambalo chama tawala kililiacha wazi. Anayemlaumu aliyeziba pengo na kumwacha aliyelichimba hajui adui yake.

Na kazi imeonekana. Ingia chumba cha habari chochote nchini, hukosi mtu aliyepita Nyegezi. Chuo cha tiba cha Bugando kilianza 2003, na leo kinatoa madaktari wanaotibu watu wa Kanda ya Ziwa na mbali zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wapinzani tunapaswa kuliona haraka kuliko wengine. Mwezi Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walitimuliwa UDOM, wakapewa saa chache tu kuondoka, kisha Rais Magufuli akawaita vilaza. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyowadahili. Nchi ambayo elimu yote ya juu iko kwenye kiganja cha mtu mmoja ni nchi ya hatari. Kuwa na chuo ambacho mwenye mali si Ikulu ni kinga kwa taifa, hata kama hukubaliani na mahubiri ya mwenye mali.

Sasa upande wa pili, hawa wa "peleka ulale usingizi". Amkeni. Mwaka huohuo wa 2016, TCU ilifuta kibali cha kampasi za Songea na Arusha za Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph, ikahamishia wanafunzi vyuo vingine. Hicho nacho ni chuo chenye jina la mtakatifu na masista nyuma yake. Mwaka 2017 TCU hiyohiyo ikazuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Msalaba getini haufundishi. Anayefundisha ni mhadhiri mwenye sifa anayeingia darasani, vitabu vilivyopo maktaba na vifaa vilivyopo maabara. Uliza kozi imesajiliwa na TCU? Wahadhiri wangapi ni wa kudumu? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo?

Tena piga hesabu ya jiji. Kutoka Sumbawanga hadi Mwanza ni Mpanda, Tabora, Shinyanga, ndiyo ufike. Nauli, chumba cha kupanga, chakula, mtandao. Bumu likichelewa, hakuna shangazi wa kukukopesha unga. Kama kozi yako ni ya kawaida na ipo chuo cha Kikatoliki cha Mbeya, hapo unapita Tunduma tu umefika, kwa nini ulipie jina la jiji? Kama ni udaktari au habari, hapo Mwanza ina hoja.

Halafu mkopo. Bodi ikikupa sehemu ya ada, pengo ni la mzazi. Ukiajiriwa, sheria ya mwaka 2016 inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye 800,000 ni 120,000 kila mwezi. Digrii dhaifu unailipia kwa bei ileile ya digrii nzuri.

Najua wengine mtaniambia nisiwaguse maaskofu, kwa kuwa Agosti 2023 walitoa tamko zito kupinga mkataba wa bandari na DP World. Nililishangilia tamko lile, na bado nalishangilia. Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa TEC, aliwahi kuwa Makamu Mkuu wa SAUT, anajua chuo kile kwa ndani. Lakini anayedai uwazi kwenye bandari lazima adaiwe uwazi kwenye ada. Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisipopigana na mifumo inayozalisha umaskini litakosa maana kwa watu. Mzani huo tuupeleke mpaka ofisi ya uhasibu ya chuo.

Msimamo wangu ni huu. SAUT inafaa kwa kijana aliyechagua kozi kwanza na chuo baadaye, mwenye mkopo au mfadhili wa uhakika, na aliyekwishauliza maswali niliyoyataja. Anayekwenda ili mtaa umuite mwanachuo wa Mwanza, abaki kwanza.

Kwa Kanisa: tangazeni hadharani idadi ya watoto wa maskini mnaowasomesha bure. Kwa serikali: mkopo wa mtoto wa mkulima ufunike ada yote, awe Mlimani au Nyegezi, kwa sababu kodi ya mzazi wake haiulizwi dhehebu. Kwa sisi vijana wa chama: wiki hii tukae na wadogo zetu, tufungue kitabu cha mwongozo cha TCU, tusome kozi kwa kozi. Kazi hiyo haihitaji kibali cha polisi.