Udongo Uliotoa Risasi Katika Petroli

Katika nyumba nyingi za mijini jokofu limeufukuza mtungi, lakini yeyote aliyewahi kunywa maji ya mtungini anajua kwamba mtungi mzuri hutoka jasho. Udongo uliochomwa kwa kiasi huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo, hutokeza nje, hukaushwa na upepo, na yale yaliyobaki ndani hupoa. Kikombe cha kauri kilichochomwa kwa moto mkali hakina sifa hiyo. Naomba uishike tofauti hiyo, maana ndiyo itakayotufikisha kwenye petroli, na kutoka kwenye petroli hadi kwenye damu ya mtoto.

Mafuta ghafi yachimbwapo huwa ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito. Yakichemshwa, vyepesi hupanda kama mvuke na kukusanywa, na vizito hubaki chini, vikielekea kuwa lami. Taabu ni kwamba magari hutaka vyepesi kuliko vinavyopatikana. Hapo zamani wasafishaji walivivunja vile vizito kwa moto na mgandamizo mtupu, wakapata petroli kama robo ya mafuta waliyoyatia, nayo haikuwa petroli nzuri.

Mhandisi mmoja wa Kifaransa, Eugène Houdry, aliyezaliwa mwaka 1892 na aliyependa mno mashindano ya magari, alijaribu mamia ya vitu akitafuta kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuliwa na kazi hiyo. Hatimaye akaangukia udongo: udongo wa mfinyanzi ulioshughulikiwa kwa asidi. Mwaka 1937 mtambo wake mkubwa ulianza kazi Marcus Hook, Pennsylvania, huko Marekani, na karibu nusu ya mafuta yaliyoingia ikatoka ikiwa petroli bora. Kero ilikuwa masizi. Baada ya dakika chache tu udongo ulifunikwa weusi, ikabidi upulizwe hewa ya moto ili masizi yaungue, kisha uanze upya. Mwaka 1942, huko Baton Rouge, Louisiana, wengine walipata njia ya kuusaga udongo huo uwe unga na kuupulizia mvuke hadi ukatiririka kama maji kutoka chombo hiki kwenda kile, ukichafuka huku na kusafishwa kule bila kusimama.

Siri imo katika vitundu. Chukua alumina, unga mweupe upatikanao katika boksiti, udongo ule ule ulio asili ya sufuria zetu. Unga huo unapoandaliwa kwa joto la nyuzi kama 500, maji yaliyofungamana nao hutoka na kuacha vitundu vidogo mno: laki moja vikipangwa sambamba havizidi urefu wa milimita moja au karibu na hapo. Ukijumlisha kuta za vitundu vyote, gramu moja hufikia mita za mraba kama 200. Maana yake ni kwamba konzi ya gramu 36 ina eneo la uwanja mzima wa mpira. Lakini ukizidisha moto kupita nyuzi 1,000, vitundu huzibana na unga huwa kama kile kikombe cha kauri. Mfinyanzi yeyote angeelewa.

Eneo hilo ndilo lililomfaa Vladimir Haensel wa kampuni ya Universal Oil Products. Platini ni ghali kushinda dhahabu nyakati fulani, na wengi waliona ni wazimu kuitumia kiwandani. Haensel aliinyunyiza juu ya alumina, chini ya sehemu moja katika mia, kila chembe ikakaa mahali pake bila kukumbatiana na mwenzake. Mtambo wa kwanza ulianza mwaka 1949 Muskegon, Michigan. Ulibadili umbo la petroli dhaifu ikawa petroli isiyogonga ndani ya injini.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia nyumbani. Tangu Desemba 1921, Thomas Midgley wa General Motors alipogundua kwamba risasi huzuia mgongo huo, dunia ilitiwa risasi katika petroli, nayo ikatoka kwa moshi na kutua vumbini watoto wanapocheza. Mwili wa mtoto hunyonya risasi mara nne au tano kuliko wa mtu mzima. Hudumaza akili, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Houdry naye, uzeeni, alitengeneza kifaa cha kusafisha moshi wa magari, akapewa hataza mwaka 1956, lakini risasi ilikifunika kichocheo chake na kukiua. Ilibidi risasi iondoke kwanza, na wasafishaji waliweza kuiacha kwa kuwa walikwisha kuwa na njia kama ile ya Haensel. Nchi za Afrika kusini ya Sahara, kwa azimio la Dakar la mwaka 2001, ziliiacha ilipofika Januari 2006. Aljeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Miaka mia kasoro michache! Huo ni muda mrefu wa kuvumilia sumu inayojulikana.

Kifaa cha Houdry sasa kimo chini ya magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kwetu kutoka Japani. Ndani yake mna kauri yenye umbo la sega la nyuki, iliyopakwa alumina ya vitundu, na juu yake chembe za platini na jamaa zake. Kwa sababu ya chembe hizo wako mafundi wanaoling'oa sega hilo, wakamwambia mwenye gari kuwa limeziba na kumpa fedha kidogo, kisha wakaliuza kwa bei ya juu. Gari likizunguka mtaani bila hilo, hewa ya sumu hutoka kama ilivyo. Ukiambiwa limeziba, mwulize fundi limezibwa na nini. Aghalabu injini inaunguza oili, au plagi mojawapo haiwaki, na hilo ndilo la kutengenezwa kwanza.