Msimnyang'anye Simu Aliyeonewa



Mimi ni muuguzi, nafanya kazi huku Tiwi, kijiji cha pwani baina ya Quriyat na Sur. Wengi wenu mnaokuja Oman kutembea mnapajua kwa Wadi Shab: mnaogelea, mnapiga picha, mnaondoka. Sisi tunaobaki tunajua na upande wa pili. Ukipanda Wadi Tiwi kuelekea Mibam, majabali yanakubana huku na huku, na kuna pembe ambazo simu haina faida ila kutazamia saa.

Nimechoka kusikia uonevu wa mitandaoni ukizungumzwa kama kwamba ni maradhi ya watoto waliozidishiwa intaneti, na dawa yake, ati, ni kuwanyang'anya simu. Ninayoyaona mimi kazini ni kinyume chake. Anayeumia zaidi ni yule mwenye intaneti kidogo.

Nitatoa mfano mmoja, na sitomtaja mtoto wala skuli yake. Ni msichana wa miaka 14, mzaliwa wa Unguja, aliyeletwa huku kwa baba yake, na Kiarabu chake bado cha kujikwaa. Skuli za Oman zilifungwa Machi 2020, na mwaka wa masomo uliofuata watoto wengi wakasomeshwa kwa mtandao. Nyumbani kwao simu moja ilikuwa ya watoto watatu, kwa zamu. Siku moja mwalimu akamwita asome kwa sauti. Mwenzake akamrekodi, akakata pale tu alipokosea, akatia muziki na vicheko, akakitupa kipande hicho kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Wenzake walikiona usiku ule ule. Yeye alikiona siku ya tatu, zamu yake ilipofika. Kufikia hapo kilikuwa kimeshafika Maskati kwa binamu zake na Unguja kwa shangazi yake, na aliyekituma keshakifuta kwenye kundi. Mtoto hakuwa na cha kumwonesha mwalimu. Baba yake alipopata habari akakasirika, akaichukua simu, na masomo yakaenda nayo. Aliyerekodi, ambaye kwao kuna intaneti usiku na mchana, akaendelea kusoma kama kawaida.

Skuli zilipofunguliwa akawa analetwa kwetu kwa maumivu ya tumbo. Homa hana, mkojo safi, damu iko sawa. Maumivu yenyewe yakija Jumapili asubuhi, ambayo huku ndiyo siku ya kwanza ya wiki ya skuli. Mama yake akidhani ni vyakula vya Ijumaa. Siku hizi mtoto akija namna hiyo, na khasa akiwa msichana, namuuliza swali moja ambalo halimo katika fomu yoyote: unatumia simu ya nani? Akinijibu "ya kaka", najua kuwa hata akitukanwa, wa kwanza kuyasoma matusi ni huyo kaka, naye ndiye atakayeamua kama dada atayajua au hatayajua. Mtoto kama huyu atamshitakia nani kwa siri?

Mtasema sheria zipo. Ndiyo, zipo. Oman ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2011, na kifungu cha 16 kinamwadhibu anayeingilia faragha ya mtu kwa kusambaza picha au habari zake, hata zikiwa za kweli. Tanzania ilitunga yake mwaka 2015, na kifungu cha 23 kinazungumzia khasa kumtisha na kumsumbua mtu kwa ujumbe. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya nayo inayo ya mwaka 2018. Lakini sheria inataka ushahidi, na ushahidi unataka uwepo pale jambo linapotokea. Asiyekuwepo ataambiwa alete nini?

Tena tuseme kweli, sheria hizi zina miguu myepesi pale anapoguswa mkubwa. Mwaka 2016 huko Arusha mtu alihukumiwa kwa sheria hiyo hiyo ya 2015 kwa maneno aliyoyaandika kwenye Facebook juu ya Rais Magufuli. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Dola inayoweza kuzima nchi nzima inashindwaje kufuatilia kipande kimoja cha kumdhalilisha mtoto?

Sasa nyinyi mlioko London, Toronto na Dubai. Hivi vipande vinapita mikononi mwenu, kwenye makundi ya ukoo, na wengi wenu mnacheka halafu mnavisukuma mbele. Zamani kashfa ya Sur ilikuwa ingojee upepo wa kaskazi kufika Unguja. Siku hizi inafika kabla chai haijapoa, na anayeipata mwisho ni mwenyewe. Nyinyi mnaoipata mwanzo ndio mnaoweza kumsaidia. Usikisambaze, lakini usikifute vile vile. Kiweke pamoja na tarehe, saa na nambari iliyokileta, kisha mpigie simu mzazi, umwambie kuwa ushahidi unao wewe. Yule shangazi wa Unguja angefanya hivyo, baba angekuwa na kitu cha kupeleka skuli badala ya kumalizia hasira zake kwa binti yake.

Na mnapotuma simu nyumbani, tumeni na fedha za bando. Msiseme ni ya watoto wote. Mtajeni na binti kwa jina lake, iwe yake, na nambari ya siri aiweke mwenyewe.