Mabomu na Grisi: Nani Alistahili Sifa Katika Ziwa Letu?

Katika mdahalo wa muhula huu tulijadili neno hili: "Eropleni ndizo zilizoshinda vita ya Ziwa Tanganyika." Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi, na makofi yakapigwa hata walio nje wakaja kuchungulia madirishani. Mimi nilikuwa katika upande ulioshindwa. Siandiki haya kwa uchungu, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Naandika kwa sababu nadhani kura ile ilikosea, na kosa lenyewe halikuishia ndani ya bwalo siku ile. Twaishi nalo.

Kwanza yatupasa kuwatendea haki wapinzani wangu, kwa maana hadithi waliyoisimulia ni ya kweli. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kufika Kigoma, na Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu majini. Mwezi wa Agosti mwaka ule stima yao Hedwig von Wissmann iliishambulia stima ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ng'ambo ya pili. Kisha ikaja Graf von Götzen, meli ya urefu wa karibu mita 70. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa upya Kigoma. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari, 1915. Juu yake ulitiwa mzinga mkubwa uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyozama katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai, 1915.

Waingereza nao walileta mashua mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya Kamanda Spicer-Simson. Mashua hizo ziliikamata Kingani tarehe 26 Desemba, 1915, na tarehe 9 Februari, 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen ilikuwa kubwa mno kwao, na Spicer-Simson hakuthubutu kuikabili.

Hapo ndipo zilipokuja eropleni. Jeshi la majini la Uingereza liliwaazima Wabelgiji eropleni nne za aina ya Short, zenye maboya badala ya magurudumu, ziwezazo kuruka na kutua juu ya maji. Zilisafirishwa kutoka pwani ya Atlantiki kwa reli na kwa mto, kupita Kongo nzima. Kwa kuwa mawimbi ya ziwa letu ni makali, kituo chao kiliwekwa penye maji matulivu ya Tungwe, karibu na Mtoa, upande wa Kongo. Rubani Aimé Behaeghe alikuwa mtu wa kwanza kurusha ndege katika sehemu zile za Afrika. Tarehe 10 Juni, 1916 kikosi hicho kilivuka ziwa kikaangusha mabomu Kigoma, shabaha ikiwa ni Götzen. Kilirudia tena na tena katika wiki zilizofuata. Mwisho wa Julai Wajerumani walikwisha kuuacha mji. Behaeghe mwenyewe hakuuona mwaka mpya. Alifariki huko huko Kongo mwezi wa Desemba.

Sikatai ushujaa wake. Kuvuka Ziwa Tanganyika katika chombo cha mbao na kitambaa, juu ya maji ambayo wavuvi wetu huyaogopa hata wakiwa ndani ya mtumbwi mzima, si kazi ya mwoga. Wala sikatai kwamba ndege zilikuwa na faida katika vita ile. Huko Rufiji, ndege zilizotoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizowaelekeza wapiga mizinga wa Severn na Mersey mpaka wakaimaliza Königsberg. Lakini ushujaa ni jambo moja, na ushindi ni jambo lingine. Tuulize basi: Je, mabomu yale yaliizamisha Götzen?

Hayakuizamisha. Kulikuwa na taarifa kwamba bomu limeipata, lakini jambo lisilobishaniwa ni kwamba meli iliendelea kuelea. Hata ule mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa upelekwe vitani nchi kavu. Kilichowatoa Wajerumani Kigoma ni majeshi yaliyokuwa yakija kwa miguu kuielekea reli, ambayo yangewakatia njia ya kurudi nyuma. Basi ikatolewa amri kwamba meli izamishwe na wenyewe, adui asiipate. Ikazamishwa tarehe 26 Julai, 1916, katika maji yasiyo mbali na Kigoma.

Sasa nawaomba wasomaji wapendwa watulie hapa, kwa sababu hapa ndipo mdahalo wetu ulipopita mbio. Waliokabidhiwa kazi ya kuizamisha walikuwa mafundi watatu wa kiwanda kilichoiunda, ambao walikuja nayo kutoka Ulaya ili kuiunganisha. Mkubwa wao aliitwa Anton Rüter. Wangaliweza kuipasua kwa baruti, nayo ingekuwa kazi ya dakika chache. Hawakufanya hivyo. Walizipaka injini grisi nene kila mahali, wakaijaza meli mchanga, wakaishusha chini polepole. Adui alikuwa karibu, nao walikuwa wakipaka grisi.

Matokeo yake ni nini? Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, wakakuta kwamba injini zake bado zafaa. Tarehe 16 Mei, 1927 ilianza kazi tena kwa jina ambalo kila mtoto wa pwani hii alijua: Liemba. Injini zake za mvuke ziliendelea mpaka miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli. Kwa miaka mingi sana ilibeba dagaa, mahindi, mawese, wagonjwa, maharusi na wanafunzi, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati huku mitumbwi ikiijia ubavuni. Na mwezi wa Mei, 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walipokwama katika ufuko wa Kagunga, hawana choo wala maji safi, na kipindupindu kikiwaandama, Liemba ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowaleta Kigoma.

Mama aliyeshuka katika meli ile na mtoto mgongoni hakuwa na haja ya kujua habari za Behaeghe wala za Rüter. Lakini sisi tunaosoma tuna haja. Kama bomu la mwaka 1916 lingeingia barabara katika chumba cha injini, tungalisema leo kwamba ndege zimeshinda, na meli ingekuwa chuma cha kutulia samaki.

Mpinzani mmoja aliniuliza siku ile, "Je, wataka tuwasifu mafundi wa Kijerumani?" Jibu langu ni kwamba nasifu kazi, sisifu bendera. Tena orodha yangu haiishii kwa hao watatu. Mimi na Toutou hazikutembea zenyewe kuvuka milima ya Kongo. Zilikokotwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu weusi waliokata miti, waliotengeneza njia na madaraja, na kuteka maji. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, na kwa upande wa Waingereza peke yao wahesabiwa zaidi ya 90,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Majina ya marubani wachache yamo vitabuni. Ya wapagazi hao kwa sehemu kubwa hayamo. Basi tusiwaongezee dhuluma ya pili kwa kusema kwamba eropleni ndizo zilizoshinda.

Labda mtu atasema kwamba haya ni mambo ya zaidi ya miaka mia, yanatuhusu nini sisi wa Ilagala? Yanatuhusu sana. Baba yangu mdogo huvua dagaa. Usiku wa mbalamwezi, wakati taa hazivuti samaki na mitumbwi imepumzika ufukoni, vijana wengine hulala au hucheza bao. Yeye huifungua injini yake, huifuta, huipaka grisi, huifunga tena. Zamani nilimwonea aibu mbele ya wenzangu, kwa sababu mikono yake haitoki weusi hata sikukuu. Mwaka juzi mtumbwi wa jirani ulizimikiwa injini usiku mbali na ufuko, na upepo ukavuma. Waliondoka wanne. Walirudi watatu. Fundi alipoitazama injini ile hakukuta ajabu yoyote. Ilikuwa na kutu, haikutunzwa, basi. Tangu siku ile sijamwonea aibu baba yangu mdogo.

Ndiyo maana nasema kosa la kura yetu twaishi nalo. Ukiuliza darasani nani ataka kuwa rubani, mikono yote itapanda. Ukiuliza nani ataka kuwa fundi wa kuitunza ndege hiyo, watacheka. Zamu ya kusafisha majembe twaiita adhabu. Kitu kipya twakipigia makofi kinapofika, na kinapoharibika twangojea kingine. Lakini ndege isiyokuwa na fundi haifiki popote. Itaanguka ziwani kama jiwe.

Naomba mambo mawili. Kwanza, muhula ujao tuujadili tena mdahalo huu, na mara hii kila upande ulete masimulizi kutoka kwa wazee wa Ilagala, Ujiji na Kigoma waliosikia kwa baba na babu zao habari za wapagazi, za Götzen na za ndege zile, yaandikwe katika gazeti letu kabla wenye kuyajua hawajakwisha. Pili, kila mmoja wetu akirudi nyumbani likizo hii, atafute kitu kimoja cha kazi, kiwe injini, cherehani, baiskeli au jembe, akitunze mpaka shule ifunguliwe.

Wale watatu walifanya kazi yao adui akiwa njiani. Sisi hatufukuzwi na mtu.