Mkiwapeleka wazee kula Limuru, msikurupuke

MSOMAJI mmoja wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, ameniandikia barua ndefu inayoonyesha wazi kuwa jambo fulani linamkosesha usingizi. Yeye na ndugu zake wanne wamekuwa wakichanga pesa tangu Januari ili wawapeleke wazazi wao kula katika mojawapo ya mikahawa ya kifahari iliyo kati ya mashamba ya chai ya Limuru. Wazee hao wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Tangu wazaliwe hawajawahi kukanyaga mahali kama hapo. Anachohofia ndugu yetu huyu si gharama. Anahofia aibu. Anauliza: tufanyeje ili wazee wasijione wageni katika karamu yao wenyewe?

Nalijibu swali hili kwa unyenyekevu, maana mimi nami nimewahi kuliboronga jambo kama hilo, tena vibaya.

Baba yangu alipostaafu ukarani mwaka 2014, sisi watoto wake tulimchukua hobelahobela hadi mkahawa mmoja wa nje ya jiji, ambao jina lake nitalihifadhi. Hatukuwa tumemwambia tuendako, tulitaka kumshangaza. Tukaketi kando ya bustani, mhudumu akatuletea orodha ya vyakula iliyojaladiwa kwa ngozi nyeusi mithili ya Biblia. Mzee akavaa miwani yake, akaanza kuisoma. Lakini hakuisoma kutoka kushoto kama sisi. Aliisoma kutoka kulia, upande wa bei. Kipande cha samaki, Sh2,400. Akaifunga taratibu, akamwambia mhudumu, "Mimi niletee chai."

Tulimsihi. Tukamwambia pesa zipo. Akasema ameshiba, mtu ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu saa kumi na mbili alfajiri! Basi tukala huku akitutazama, na kila tonge likawa linapita kooni kama mchanga. Tulipofika nyumbani alimwomba mama kiporo cha ugali na sukuma wiki. Baba hayupo tena, na karamu ile hatukupata kuirudia.

Ndiyo maana, msomaji wangu, neno langu la kwanza kwako ni hili: mzee aliyelea watoto kwa mshahara mdogo asiwekewe bei mbele ya macho. Yeye hatamwona samaki pale. Ataona karo, ataona mbolea, ataona mabati. Zungumza na meneja mapema, mpatane chakula kitakacholetwa, na wazee wakifika wakute kila kitu kimeshaamuliwa. Ikiwa ni lazima wachague, omba waandikiwe karatasi isiyo na bei. Mikahawa inayojua kazi yake haioni hilo kuwa jambo geni.

Afadhali hata zaidi ni mahali ambapo kila mgeni hulipiwa kiasi kimoja na chakula ni kile kile kwa wote. Shamba la Kiambethu, huko Tigoni, limejulikana kwa utaratibu wa namna hiyo. Wageni hufika kwa miadi, husimuliwa habari za chai, hutembezwa kidogo msituni, kisha hula chakula cha mchana. Na kuna hadithi ya kuwasimulia wazee njiani. Chai ilipandwa mara ya kwanza nchini mwetu hapo hapo Limuru mwaka 1903, na Kiambethu ni miongoni mwa mashamba yaliyotangulia kuikuza kwa biashara, kuanzia 1918. Mzee aliyekunywa chai maisha yake yote atakuwa na la kusema kuhusu hilo, na mazungumzo yataanza yenyewe kabla hamjafika mezani.

Mkipenda safari ndefu, nendeni Nanyuki. Kabla ya kuufikia mji huo kuna mkahawa wa Trout Tree, ambao umejengwa juu ya mugumo mkubwa, na samaki aina ya trauti hufugwa hapo hapo. Si samaki wa asili yetu. Waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na kutiwa katika mito ya milimani. Watoto hupapenda mno. Lakini chakula kiko juu ya mti, na juu ya mti hupandwa kwa ngazi. Kama mama anaumwa magoti, utakuwa umemlipia mateso.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Tunachagua mahali kwa picha. Picha haikuonyeshi umbali wa choo, wala matope yaliyo kati ya maegesho na mlango, wala kiti cha chini ambacho mzee akishaketi hawezi kuinuka bila kuvutwa na watu wawili. Mmoja wenu aende kupeleleza siku ya kazi, wiki mbili hivi kabla. Anywe chai tu, aende chooni, ahesabu ngazi, aangalie kama meza iko ndani penye moto au nje penye umande. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu wake si mzaha. Nimeona bibi arusi wa miaka 50 ya ndoa akila kuku akiwa amejifunika koti la dereva.

Wakati wa kuweka nafasi, piga simu na useme mambo yote kwa mara moja: idadi ya watu, umri wa wazee, watoto ni wangapi, na ni sherehe gani. Usione haya kutaja maradhi. Mwenye kisukari atajwe, mwenye shinikizo la damu anayekatazwa chumvi atajwe, asiye na meno ya kutafuna nyama ngumu naye atajwe, ingawa si lazima kwa jina. Kama kuna Mwislamu katika msafara, ulizeni mapema ikiwa nyama ni halali na kama nguruwe hupikwa katika vyombo hivyo hivyo. Wasabato nao wana masharti yao. Na kama mnataka kuleta keki yenu au chupa yenu ya mvinyo, ulizeni kwanza; mahali pengine hukataa, pengine hutoza ada kwa kuifungua tu. Wakiomba arbuni, lipeni, muuweke ujumbe wa simu unaothibitisha malipo. Siku mbili kabla ya safari pigeni simu tena. Nafasi iliyowekwa mwezi uliopita na mtu ambaye leo yuko likizo si nafasi.

Sasa gharama. Uliza bila kuona haya: bei hii imejumlisha ushuru? Tuseme mko watu 12, na kila mmoja ni Sh3,500. Hiyo ni Sh42,000. Ikiwa bei haijajumlisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 na ule wa utalii wa asilimia 2, mtaongezewa Sh7,560 na kufikia Sh49,560, kabla hamjanunua hata soda. Huenda kukawa na ada ya huduma pia. Nimewahi kuona ndugu wakipitisha kofia chini ya meza huku baba yao akihutubia.

Kuhusu huo mchango wenu, ndugu wa Buruburu, umeniambia mpo watano na kila mmoja anatoa sawa. Je, wote mna kazi? Barua yako inamtaja kaka mdogo "anayesumbua kutoa". Mwulizeni faraghani kabla hamjamwita msumbufu. Huenda hana. Mpeni kazi isiyohitaji pesa: yeye ndiye apeleleze mkahawa, ndiye akae na wazee njiani, ndiye apige picha. Na siku hiyo, pale mezani, asitokee mtu wa kutangaza nani alitoa ngapi. Hiyo si harambee ya kujenga zahanati.

Usafiri nao si jambo la kupuuzwa. Matatu ya kawaida kisha bodaboda itawafikisha Tigoni, naam, lakini mama aliyevaa suti yake ya Jumapili hapaswi kupanda bodaboda siku ya heshima yake. Kodini matatu ya viti 14, mfunge safari pamoja, na mpatane na dereva kabisa kuwa yeye hanywi. Halafu mumpe chakula! Dereva anayesinzia kwa njaa garini huku nyinyi mkila saa tatu hatawafurahia wakati wa kurudi. Mkienda Jumapili, ondokeni mapema, kwa kuwa jioni magari yanayorudi jijini kutoka Naivasha na Nakuru hujazana barabara kuu na kutambaa kama konokono.

Haya, mmefika. Uma uko kushoto, kisu kulia, na vijiko vimepangwa kama askari wa gwaride. Kanuni ni nyepesi: anza na vilivyo nje, uje ndani kadiri vyakula vinavyoletwa. Mkate mdogo ulio kwenye sahani ya kushoto ni wako. Bilauri iliyo kulia ni yako. Kitambaa hutandikwa mapajani. Hayo yanatosha, na wala usiwafundishe wazee mbele ya watu. Ninyi watoto tangulieni kula, nao watatazama na kufuata bila kuambiwa. Mzee akishika paja la kuku kwa mkono, nawe shika la kwako kwa mkono. Sijaona mhudumu aliyefukuza mtu kwa sababu hiyo, na kama yupo, basi kosa ni lake.

Tena mwombeni meneja ugali. Nasema kwa dhati. Mpishi anayeweza kuoka trauti kwa limau na lozi hawezi kushindwa kusonga ugali, bora aambiwe siku mbili mapema. Wazee wengi hula vyakula vigeni kwa moyo mkunjufu zaidi wakijua kuna kitu wanachokifahamu pembeni. Supu ije ya moto hasa. Nyama iive kabisa; yule anayependa nyama yenye damu aagize yake kivyake. Na msilete vyakula vitano mfululizo kama wageni wa balozi. Supu, chakula chenyewe na kitindamlo vinatosha kabisa.

Kuna la wakwe. Umeniambia dada yako ameolewa na kwamba mumewe atakuwepo. Katika baadhi ya jamii zetu, Waluhya na Waluo mathalan, zipo familia ambazo hadi leo hazikubali mkwe wa kiume kuketi meza moja na mama mkwe wake na kula pamoja naye. Vijana wa jijini huona hayo yamepitwa na wakati, lakini mama akishindwa kumeza mbele ya mkwewe, karamu yote imekwisha. Muulizeni yeye mwenyewe, bila kumlazimisha. Akisema ndivyo, wekeni meza mbili zilizokaribiana: moja ya wazee na watoto wao, nyingine ya wakwe na wajukuu. Wajukuu watapita huku na huku na hakuna atakayeona pengo.

Hotuba ziwe fupi na zitolewe kabla ya kitindamlo, si kabla ya supu. Sala ni moja. Mzee mwenyewe aachiwe neno la mwisho, hata akirefusha.

Hesabu ya chakula isiletwe mezani kabisa. Mmoja wenu ainuke kana kwamba anakwenda kunawa, akalipie ndani, aikague ile karatasi mstari kwa mstari, arudi akiwa anatabasamu. Mzee atauliza, "Ni ngapi?" Mwambieni ilishalipwa zamani. Atauliza tena garini. Mwambieni hivyo hivyo.

Mwaka jana mama yangu alitimiza miaka 70, nasi tukaamua kujaribu tena, safari hii kwa mpango. Tulimwambia tuendako wiki tatu kabla, akapata wasaa wa kushona nguo na kuwaringia majirani. Hakukuwa na orodha ya vyakula. Kulikuwa na supu ya maboga, kuku, ugali mdogo wa mviringo uliosongwa kwa ajili yake, na keki. Alikula vyote. Chai ilipoletwa na vile vitumbua vya Kizungu vinavyoliwa na jemu, nilimwona akitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akavifunga viwili katika kitambaa na kuvitia mkobani kwa ajili ya mjukuu aliyebaki nyumbani na surua. Nilitaka kusema neno, dada yangu akanikanyaga mguu. Mhudumu naye alikuwa ameona. Akaenda jikoni bila kusema kitu, akarudi na mfuko wa karatasi wenye vingine sita, vya moto, akauweka kando ya mkoba wa mama kama kwamba ndivyo wanavyomfanyia kila mgeni.